Zako Tia Maji

Jumamosi ile mjomba alikaa barazani kwa upande mmoja. Kahawa ilikuwa imeshazunguka mara mbili, wazee wenziwe wamezama katika bei ya mbao, naye kaegemea nguzo, mguu mmoja kaunyoosha, kikombe kimepoa mkononi. Nikamwamkia, nikamuuliza ana nini. "Kiuno, mwanangu," akasema. Mtu aliyeinamia mashua tangu ujanani akisema kiuno, nani atambishia? Nikamwombea afueni, nikaenda zangu sokoni.

Nimeirudia asubuhi hiyo moyoni mara nyingi mno. Mjomba yu hai, na ameniruhusu niandike haya kwa sharti kwamba jina lake nisilitaje. Nami nikaweka sharti langu: mahali palipomuuma sitapaficha. Kinena kina jina lake, mavuzi yana jina lake, pumbu zina jina lake. Ni Kiswahili safi, yamo kamusini, na watoto wa chuoni husomeshwa mlango wa tohara bila ya mtu kucheka. Tukifika ukubwani ndipo tunapoyaonea haya, na haya hiyo ilikaribia kumuua.

Mjomba ni fundi wa mashua hapa Malindi. Ukimkuta pwani utavijua vyombo vyake kabla hujamjua yeye. Tezo, shoka, keekee, patasi, kila kimoja kina mahali pake ndani ya kapu, na kila jioni kabla ya kuvaa shati hukaa juu ya gogo akavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa chenye mafuta. Chuma cha pwani, husema, ukikilaza na chumvi usiku mmoja kitakuamkia adui. Nimemwona akimrudisha kijana nyumbani kwa kosa la kuacha tezo mchangani.

Wembe wake wa kunyolea ulikuwa ufani. Choo cha nyumba yake ni cha kizamani, ukuta wa matumbawe na chokaa, na juu ya birika la maji pana ufa wa kiasi cha kidole. Humo ndimo alimouchomeka. Niliuona baadaye, nilipokwenda kumchukulia nguo za kuvaa hospitalini: wembe wa makali mawili, umepinda kidogo katikati, upande mmoja umeliwa na kutu ya rangi ya kahawa, na upande wa pili umegandiwa na sabuni kavu yenye vijinywele vitatu vinne ndani yake. Niliuinua kwenye mwanga wa dirisha. Makali yalikuwa na mapengo kama meno ya msumeno. Ulikuwa hapo, aliniambia, tangu kabla ya Ramadhani.

Kila Alhamisi ya pili, baada ya Magharibi, alikuwa akinyoa kwapa na kinena ili Ijumaa imkute safi. Katika hilo hakuwa na kosa. Kunyoa kinena, kunyofoa kwapa, kupunguza masharubu na kukata kucha ni katika mambo ya maumbile tuliyofundishwa na Mtume, na hadithi ya Anas bin Malik iliyomo katika Sahihi ya Muslim imeweka mpaka wa siku 40, usipitwe. Jirani zetu wasiokuwa Waislamu nao wana njia zao za usafi huo huo, na katika joto la kaskazi, jasho likikaa mwilini kutwa, hakuna asiyeiona faida yake. Lakini wajibu tumerithishwa, ufundi hatukurithishwa. Zamani kijana aliingia kumbini, akakaa na wenziwe chini ya mkono wa nyakanga, akatoka na mengi kuliko kovu la tohara. Siku hizi mvulana hutahiriwa angali mdogo, kwa daktari, na kabla ya adhuhuri yuko nyumbani. Kheri ipo katika hilo, sikatai. Ila mafunzo yaliyokuwa kumbini hayakuhamishiwa popote. Msichana bado ana somo wake. Mvulana ana wembe alioukuta ufani.

Alhamisi yenyewe ilikuwa wiki mbili kabla ya harusi ya bintiye. Stima zilikuwa zimepotea. Mjomba aliingia chooni na simu, akaiwasha tochi, akaisimamisha ukingoni mwa birika. Sabuni ilikuwa imekwisha, akanyoa kavu. Adhana ya Isha ikaanza naye bado yuko upande wa kushoto. Akaharakisha mkono, na pale ngozi inapojikunja, kati ya paja na pumbu, wembe ukaruka. Jeraha halikuzidi punje ya mchele. Alilikamulia ndimu, kama alivyomwona baba yake akifanya, akauma meno mpaka mchomo ukapita, akavaa kikoi na kanzu, akaiwahi sala ya jamaa.

Ijumaa hakusikia kitu. Jumamosi palivimba, ndiyo siku ya kiuno. Jumapili alikwenda duka la dawa, akaliruka la mtaani kwetu akaenda la mtaa wa pili, akamwambia muuzaji, msichana wa kiasi cha bintiye, kwamba jino linamsumbua. Akapewa vidonge vya kutuliza maumivu. Vilimtuliza kweli, na homa vikaishusha, nyumba nzima ikadanganyika. Mkewe alimwona anatembea miguu ameitanua, akamuuliza, akaambiwa kaangukia ubao. Usiku akalala chini kwenye mkeka kwa kisingizio cha joto. Miaka 27 wako pamoja katika ndoa, wamezaa na kuzika pamoja, na hilo hakuweza kumwambia.

Jumatatu usiku mkaza mjomba alinipigia simu. Hakusema mengi. "Njoo, mjombako hajielewi." Nilipofungua pazia la chumba, harufu ilinipokea kabla yake. Aliyewahi kupita nyuma ya soko la samaki saa tisa alasiri, barafu imekwisha, anaijua. Mdomo wake ulikuwa umekauka, macho yanang'aa. Aliniambia nimtoe mkewe, nifunge mlango. Kisha, bila ya kunitazama, akafunua kikoi.

Malaika yalinisimama mwili mzima. Ngozi kuanzia kinenani kushuka ilikuwa imefura hata inang'aa, na katikati pana baka jeusi. Si weusi wa ngozi yetu. Ulikuwa weusi wa kaa lililozimwa kwa maji. Nilipomshika kando ya baka hilo ili nimvishe, nilihisi chini ya vidole vitu vinapasuka kidogo kidogo, kama chumvi ya mawe iliyotupwa motoni. Sikujua maana yake. Sasa najua: ni hewa inayotolewa na bakteria wakiila nyama ya mtu aliye hai.

Tulimpakia tuktuk. Hospitalini daktari wa zamu alimuuliza imeanza lini. "Jana," akasema. Hapo nikamkatiza mkubwa wangu, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia maishani: "Si jana, daktari. Alhamisi, kwa wembe." Mjomba akageuzia uso ukutani. Kipimo cha sukari kilisoma 26, na ya mtu mzima wa afya, asubuhi kabla ya kula, haizidi 6. Ana kisukari huu mwaka wa sita, na vidonge alikuwa akivimeza siku akivikumbuka. Aliingizwa chumba cha upasuaji kabla ya alfajiri. Walikata nyama yote iliyokufa, kesho yake wakamrudisha wakakata tena, na baada ya siku mbili wakamrudisha mara ya tatu.

Ugonjwa wenyewe unaitwa kwa jina la Jean Alfred Fournier, tabibu wa Paris aliyeueleza mwaka 1883. Bakteria wa aina kadhaa huingia pamoja chini ya ngozi ya sehemu za siri, wakaziba mishipa midogo ya damu, nyama ikakosa damu ikafa, na kufa kwake kukawapa wao nafasi ya kusonga mbele. Wembe si mlango wao pekee, kwani jipu, kidonda cha njia ya haja kubwa au maradhi ya njia ya mkojo yanaweza kuwafungulia vilevile. Wagonjwa wengi ni wanaume, na wengi wao wana kisukari, kwa sababu sukari ikizidi damuni askari wa mwili huwa wazito, na mishipa iliyochakaa haifikishi damu wala dawa inavyopasa. Ni ugonjwa wa nadra, na nalisema hili makusudi, asije mtu akadhani kila mkato wa wembe ni kifo. Lakini ukishaanza huhesabiwa kwa saa. Vitabu vya udaktari vinaeleza kwamba hata pamoja na upasuaji, katika wagonjwa watano mmoja au wawili hufariki. Mjomba alikuwa ameupa siku nne.

Harusi haikuahirishwa. Mwenyewe ndiye aliyekataa: kadi zimeshakwenda, na watu wa bwana harusi wanatoka Lamu. Basi siku moja kabla ya nikaha sheikh alikuja wodini saa ya kutazama wagonjwa, na mashahidi wawili nyuma yake, kofia mkononi kwa sababu ya joto. Shuka la mjomba lilikuwa limeinuliwa kwa fremu ya chuma lisimguse. Sheikh akainama, akamuuliza kama anamwakilisha yeye amuozeshe binti yake kwa mahari waliyokubaliana. Mjomba akasema ndiyo, sauti ikakatika katikati ya neno. Sheikh akangoja. Akasema tena, mashahidi wakasikia, na mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee wa Kigiriama tusiyemjua, akaitikia amina. Walipotoka, mjomba aliniomba nifungue dirisha. Alikuwa akijisikia harufu yake mwenyewe mbele ya sheikh muda wote ule.

Aliyembadilisha bandeji kila asubuhi alikuwa nesi wa kiume, mwenyeji wa upande wa Ganze, mtu mpole wa mikono. Kwa yule nilisoma katika wiki tano ambayo baba, waalimu na marafiki hawakunifundisha kwa miaka arubaini. Siku moja nilimuuliza wao huwanyoa wagonjwa kwa wembe gani kabla ya upasuaji. Akasema wembe wameuacha. Hata ukiwa mpya, huparuza. Jicho halioni kitu, lakini ngozi hubaki na mikwaruzo midogo mingi, na kila mkwaruzo ni mlango. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa wapasuaji wa dunia nzima kwamba nywele za mahali pa kupasuliwa ziachwe zilivyo, na ikiwa hapana budi ziondolewe, basi kwa mashine ya kukatia, na kamwe si kwa wembe. Nilibaki kimya. Watu wanaofanya kazi ndani ya chumba kilichotakaswa, wenye vifaa vilivyochemshwa na dawa kabatini, wanauogopa wembe, nasi tunautegemea gizani juu ya ngozi laini kuliko zote mwilini.

Mjomba aliyasikia, akajitetea kutoka kitandani. "Wembe wangu mwenyewe. Sijamwazima mtu." Nilielewa alikolitoa hilo. Ukimwi ulipotambuliwa Kenya mwaka 1984, na hofu yake ikazidi mwaka hadi mwaka, vinyozi wa mji huu waliokuwa wakinyoa watu kumi kwa wembe mmoja walibadilika mbele ya macho yetu. Kila mteja akawa anakuja na wembe wake mfukoni, kisha mashine za umeme zikaenea. Hofu ile iliokoa watu wengi, na ingali inafaa: virusi vya homa ya ini ya aina ya B huweza kuishi nje ya mwili, juu ya chuma kikavu, kwa siku saba au zaidi. Lakini ilituachia dhana kwamba hatari yote hutoka kwa mwengine, na kwamba kilicho changu ni salama milele. Nesi akamjibu mjomba taratibu, mkono ukiendelea na kazi. Takriban mtu mmoja katika watatu, alisema, hubeba puani bakteria wanaoleta majipu, na wala haumwi. Wamo juu ya ngozi zetu wenyewe, wakingoja pa kuingilia. "Huo wembe, mzee, hukumwazima mtu. Wao uliwaazima miezi mingapi?"

Wala wembe hauwachagui wanyonge. Lord Carnarvon, tajiri wa Kiingereza aliyegharamia uchimbuzi wa kaburi la Tutankhamun huko Misri, aliumwa na mbu shavuni, akanyoa ndevu, wembe ukapita juu ya kipele kile ukakifungua. Sumu ikaingia damuni. Alifariki Cairo tarehe 5 Aprili 1923. Watu wakazungumza laana ya Firauni, na wengine wanaizungumza mpaka leo. Penisilini iligunduliwa miaka mitano baada ya yeye kuzikwa.

Mwenzio akinyolewa, zako tia maji. Methali hii tumeitumia kwa kila balaa la jirani hata tumesahau kwamba aliyeitunga alikuwa akizungumza habari za nywele. Kinyozi wa zamani, aliyekaa chini ya mti na wembe wa kukunja na kipande cha ngozi cha kuunolea, hakugusa kichwa kikavu. Unywele mkavu ni mgumu, na wetu sisi tena umejikunja. Ukiloa maji ya uvuguvugu kwa dakika chache hufura, ukalainika, na wembe ukapita bila ya kusukumwa. Aliyekaa akingoja zamu yake, akatia maji kichwani mapema, alikuwa akijiokoa na maumivu ya kweli, maumivu ya kichwani mwake. Ndani ya methali mmehifadhiwa somo zima la kinyozi. Mjomba aliijua tangu utotoni, na usiku ule alinyoa kavu.

Nitaandika kama nilivyofundishwa, maana hakuna atakayemfundisha kijana haya ikiwa sisi tutanyamaza. Nywele ndefu zipunguze kwanza kwa mkasi. Kisha maji ya uvuguvugu na sabuni mpaka povu lishike. Wembe uwe mpya, umeufungua wewe saa hiyo, na ni shilingi chache tu. Mahali pa mikunjo, mkono wa pili uitandaze ngozi polepole, wembe ufuate nywele zilivyolala, usiukandamize, na ulipokwisha kupita usiparudie. Osha, kausha, vaa nguo isiyobana. Ndimu iache kwa samaki: huunguza jeraha, tena ngozi iliyopakwa maji yake ikipigwa na jua hubabuka na kubaki na mabaka kwa wiki nyingi. Fanya haya mchana au penye taa. Na mwenye kisukari aukimbie wembe moja kwa moja katika sehemu hizo, atumie mkasi au mashine, nywele zibaki fupi na ngozi isiguswe. Pakiuma kuliko panavyoonekana, uvimbe ukitambaa, ngozi ikigeuka rangi, homa ikipanda, basi hata kama ni saa nane usiku mwambie aliye karibu nawe akupeleke, na ukifika useme kweli, palipouma na siku palipoanza kuuma.

Ndevu zina ugomvi wake mwengine, nami ninao ushahidi shingoni. Kwa zaidi ya miaka kumi nilidhani vipele vyangu ni uchafu wa vinyozi. Sivyo. Unywele uliojikunja, ukikatwa karibu mno, hubaki na ncha kali kama mkuki. Unapokua hujipinda, ukaichoma ngozi na kurudi ndani, na mwili ukapigana nao kama unavyopigana na mwiba. Kwa wanaume weusi wa Marekani tafiti zimeikuta hali hii kwa asilimia 45 hadi 83. Shingoni basi usivute ngozi kabisa, maana unywele uliovutwa ukikatwa hujificha chini na kutoboa kutoka huko huko. Mimi niliacha wembe, nikawa napitisha mashine isiyogusa ngozi. Miezi mitatu ikapita, shingo ikatulia. Wenye ngozi ya kuota makovu yaliyofura, nao kwetu si haba, wasingoje mpaka kipele kimoja kigeuke jiwe.

Na dawa za kupaka za kuondolea nywele zisimdanganye mtu kwa kuwa hazina makali. Binamu yangu mmoja wa Watamu, anayepeleka wageni baharini, alipewa kopo na mgeni wake ili kifua kiwe laini. Kiitaliano anakizungumza kama maji, ila kukisoma hajui. Alipaka kifuani, akaona haitoshi akapaka na kinenani, akaenda kunywa chai. Dawa hizi huiyeyusha ile mada inayoufanya unywele uwe unywele, na ngozi ya juu imejengwa kwa mada hiyo hiyo, ndiyo sababu huhesabiwa kwa dakika. Alikaa siku tisa bila ya kuvaa suruali, na kazi yake msimu ule akaipata mwengine. Wazee wa Mashariki ya Kati waliijua hatari hii zamani sana, kwani nura, dawa ya hamamuni mwao ya kuondolea nywele, ilikuwa chokaa na zarniki, madini ambayo ni sumu, na aliyeipaka hakuondoka upande wa maji.

Kilichomsumbua mjomba zaidi, maumivu yalipopungua, ni suna. Alipoambiwa wembe basi, alinyong'onyea. Aliona amefungiwa mlango wa usafi aliouzoea tangu kubaleghe. Nilimrudia sheikh, naye akaja tena, safari hii peke yake, akakaa ukingoni mwa kitanda na kumhadithia habari za Imam Shafii, ambaye sisi watu wa pwani hii ni wa madhehebu yake, aliyefariki Misri mwaka 820. Mwanafunzi wake Yunus bin Abdulaala alimkuta siku moja kinyozi anamnyoa kwapa. Imam akaeleza kwamba anajua kuwa suna ya kwapa ni kunyofoa, ila maumivu yake hayawezi. Sheikh akanyamaza kidogo ili neno likae. Kisha akamweleza kwamba wanazuoni wameliandika wazi, muradi ni nywele ziondoke, na mkasi unatosha. Mjomba akauliza, "Yeye Imam alisema hayawezi?" Sheikh akasema ndiyo. "Akamwambia mwanafunzi wake?" Ndiyo. Mjomba akaitazama dari kwa muda mrefu. Jioni hiyo hiyo alimwita mkewe akae naye, nami nikatoka nje.

Alirudi nyumbani mwezi wa tatu, ngozi ya paja imehamishiwa palipokatwa. Hatembei kama zamani na tezo ya kazi nzito amewaachia vijana. Mwaka huu mdogo wangu ameoa Takaungu. Alasiri ya kunyolewa bwana harusi alikalishwa kitini uani, kanga mpya mabegani, watu wamemzunguka na noti za kumtunzia kinyozi. Mjomba aliingia na bakora, wakampisha. Kinyozi alipoinua mkono, mjomba akamshika kwa upole.

"Huo wembe umefunguliwa lini?"

Kinyozi akasema jana, kwa bwana harusi mwengine, na ameusafisha kwa spiriti. Mjomba akaagiza wembe mpya, na maji ya uvuguvugu katika beseni. Yalipokuwa yakipashwa moto jikoni akasimama pale pale, mbele ya watu waliomjua na wasiomjua, akahadithia. Alianzia chooni, kwenye simu iliyosimamishwa juu ya birika. Alitaja kinena. Alitaja jino la uwongo na mkeka wa uwongo. Mashababi waliotaka kucheka walitazamana, wakaacha. Beseni likaja, kinyozi akachovya taulo, akalikamua, akamfunika bwana harusi kidevuni, na uwanja mzima ukangoja.

Baadaye, watu wakielekea kwenye pilau, niliona mzee mmoja wa makamo, fundi cherehani nadhani, anamvuta mjomba kanzu. Mjomba akainamisha sikio. Wakaenda kando, nyuma ya mwarobaini, wawili peke yao. Nilipowapelekea chai mzee yule alikuwa ameshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili, anazungumza huku anatazama chini, na mjomba akaniashiria kwa jicho niiweke nitoke.